Methadoni ni bure, nauli siyo

Kama nyumbani kwenu kuna teja, jueni kwanza arosto ni nini. Unga, yaani heroini, ukiisha mwilini, baada ya saa chache kamasi na jasho vinamtoka, tumbo linakata, mifupa inauma, usingizi hakuna. Mdogo wangu alipofika hapo aling'oa hata koki ya bomba la uani akaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Raha ilishamwisha zamani; kete, kipakiti kidogo cha unga, ilikuwa ya kumwezesha kusimama tu. Ndiyo maana kumfungia chumbani na kumsomea dua bila tiba hakufiki mbali. (Dua tulisoma, na bado tunasoma.)

Kilichomshika ni methadoni, dawa ya kuzuia arosto. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na sasa ipo Mwananyamala, Temeke, hata Dodoma, Mbeya na Mwanza. Ni dawa ya maji, anainywa mbele ya mhudumu, na inakaa mwilini siku nzima. Majirani watasema amebadilisha unga kwa unga. Ni kweli kwamba nayo, kama unga, ni ya jamii ya afyuni, tena imetengenezwa maabara. Lakini kipimo chake kinajulikana, sindano hakuna, na mdogo wangu mchana yuko gereji anafanya kazi.

Shida ni kwamba kwa mdogo wangu kliniki ni kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Wengi huacha tiba hapo. Sisi tuligawana zamu, mama, shemeji na mimi: unakwenda naye, unalipa daladala mwenyewe, unarudi naye. Nauli hapewi mkononi, maana vijiwe vya unga viko njiani.

Mkazo zaidi uwe kwa aliyetoka jela au soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya. Ndugu wanashangilia kanenepa, kumbe mwili umeshausahau unga, na kete aliyokuwa akiimudu zamani sasa inaweza kumkata pumzi. Methadoni ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi, hatari ni hiyohiyo. Na siku hizi kuna dawa za kulevya za maabara: kush, majani ya kuvutwa yaliyotiwa kemikali, iliyoifanya Sierra Leone itangaze hali ya dharura Aprili 2024, sampuli zake kadhaa zilipopimwa zilikutwa na nitazini, dawa za maabara za aina ya afyuni ambazo baadhi zina nguvu kuliko heroini.

Ukimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, ukimwita haamki, mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na mwambie daktari waziwazi katumia nini. Kuna naloksoni, dawa ya kumzindua, lakini ukisema "ni malaria" hawatajua kuitafuta.