Protoni na uvimbe wa chini ya fuvu: majibu kwa wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Mama yangu amegundulika ana kodoma, na daktari ametutajia mionzi ya protoni. Ina tofauti gani na mionzi ya kawaida? (Msomaji, Igoma)

Pole sana kwa kuuguza. Kodoma ni uvimbe adimu ambao mara nyingine huota kwenye mfupa ulio nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo, kutokana na mabaki ya tishu iliyokuwa mhimili wa mgongo wakati mtu angali tumboni mwa mama yake. Majirani zake ni shina la ubongo, linaloongoza upumuaji, na neva za macho. Kuudhibiti huhitaji dozi ya grei (kipimo cha mionzi) 70 na zaidi, ilhali neva za macho huingia hatarini kabla dozi haijafika hapo, na ugumu wote wa tiba hii unaanzia kwenye pengo hilo dogo.

Eksirei za mashine za kawaida hupenya kichwa na kutokea upande wa pili, zikiacha nguvu yake njia nzima. Protoni, ambazo ni chembe ndogo za ndani ya atomu, huacha kiasi kidogo njiani, humwaga sehemu kubwa ya nguvu karibu na mwisho wa safari, kisha husimama. Wataalamu wa fizikia ya tiba huchagua kina cha kusimama kwa kubadili nishati. Kwa mfano, protoni za MeV 150 (MeV ni kipimo cha nishati) hufika takriban sentimita 16 ndani ya maji. Wazo hili lilitolewa na Robert Wilson wa Marekani mwaka 1946, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa Berkeley mwaka 1954.

Hata hivyo, usahihi huo unahitaji uangalizi wa kila wiki. Mgonjwa akipata mafua makali na uwazi wa ndani ya pua ukajaa kamasi mahali palipokuwa na hewa, protoni zinazopita hapo husimama mapema kuliko ilivyopangwa. Ndiyo maana vipimo vya CT hurudiwa katikati ya tiba, na mama asione haya kuwaeleza wahudumu kuhusu mafua.

Kaka yangu alifanyiwa upasuaji kupitia puani, tukaambiwa uvimbe umetolewa. Mionzi ya nini tena? (Msomaji, Sengerema)

Kwa sababu chini ya fuvu ni nadra daktari wa upasuaji kuutoa wote bila kuumiza mishipa ya damu na neva. Chembe zinazobaki ndizo huurudisha. Upasuaji huo haukuwa wa bure, kwani kadiri mabaki yanavyokuwa madogo na mbali na shina la ubongo, ndivyo mionzi inavyofanya kazi vizuri zaidi.

Je, tiba inauma? Ataendelea kuona? (Msomaji, Nyakato)

Miale yenyewe haiumi. Mgonjwa hulala akiwa amevaa barakoa ya plastiki iliyolainishwa kwa joto na kufinyangwa kufuata uso wake ili kichwa kisisogee, siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki saba au nane. Uchovu, ngozi kuwa nyekundu na nywele kunyonyoka kwa viraka ni kawaida. Macho hulindwa kwa mpango makini, ingawa hakuna daktari mwaminifu atakayekupa hakikisho kamili. Lililo rahisi kusahaulika ni tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoongoza homoni za mwili: homoni zinaweza kupungua miaka kadhaa baadaye, hivyo zipimwe kila mwaka hata kama mgonjwa anajiona mzima.

Baba ana saratani nyuma ya pua. Tuuze shamba tumpeleke nje akapate protoni? (Msomaji, Ukerewe)

Nakusihi msiuze kwanza. Saratani hiyo ni tofauti na kodoma. Hutibiwa vizuri kwa eksirei, mara nyingi pamoja na dawa za saratani, na kuchelewa kwa miezi ya kutafuta fedha kunaweza kumdhuru kuliko kukosa protoni. Anzeni na idara ya saratani ya hospitali ya Bugando, Mwanza, mkaulize kama atibiwe hapo au apewe rufaa kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Kwa familia ya Igoma hali ni nyingine, kwani Tanzania haina mashine ya protoni. Chennai, India, kuna kituo kilichofunguliwa mwaka 2019. Kabla ya kulipia chochote, ombeni Bugando wawapatie picha zote za MRI na CT kwenye CD, ripoti ya upasuaji kama ulifanyika, na sampuli ya kinyama iliyohifadhiwa kwenye nta, kwa kuwa wataalamu wa huko watataka kuipima upya. Sababu ni kwamba kondrosakoma, saratani ya gegedu, hufanana sana na kodoma kwenye picha, lakini kwa kawaida huitikia tiba vizuri zaidi.