Kiwavi Aliye Ndani ya Mti Hafi kwa Kupuliziwa Majani

Mwembe ukianza kukauka tawi moja moja huku matawi mengine yakiwa mabichi, wengi hapa Mombasa hukimbilia bomba na kupuliza majani. Pesa zimekwenda, kiwavi yupo palepale. Huyu hali majani. Anakula gome na mbao, na dawa iliyokaa juu ya jani haimfikii. Mama yake ni nondo wa usiku, na katika jamii nyingi za nondo hawa mkubwa hali kitu: huishi siku chache, hutaga mayai kwenye nyufa na vidonda vya gome, basi. Kazi yote iko shimoni, na kiwavi anaweza kukaa humo mwaka mzima au zaidi.

Kwanza mjue ni nani, kwa kutazama kilicho kwenye gome na mdomoni mwa shimo. Ukiona udongo, ni mchwa. Ukiona unga laini kama wa ngano, mara nyingi ni bungua wa mbao iliyokwisha kufa. Nyuzinyuzi ndefu za mbao huwa ni za mabuu ya mbawakawa wenye papasi (pembe za kunusia) ndefu. Kiwavi wa nondo hutoa kinyesi cha punjepunje, rangi ya kahawia, mara nyingi kimeshikana kwa nyuzi za hariri na utomvu. Kuna wengine hutandaza utando wa hariri na kinyesi juu ya gome, hasa kwenye panda ya mti, ukadhani ni tambara chafu. Hao hushinda shimoni mchana, usiku hutoka kula gome chini ya utando wao. Ukikuta ganda kavu la kahawia limechungulia mdomoni mwa shimo, nondo ameshatoka. Usipoteze muda hapo.

Shimo lisikudanganye. Sugua pote kwa burashi ngumu, weka alama ya chaki, rudi baada ya siku 2 au 3. Lenye kinyesi kipya ndilo lenye mtu.

Kwa shina na matawi makubwa, chombo bora ni waya wa breki ya baiskeli. Chambua ncha yake sentimita 1 hivi ili nyuzi zichanue, zitamnasa. Njia ya kiwavi huingia ndani kidogo kisha hupinda, pengine kwenda juu, pengine chini, kwa hiyo pinda ncha ifuate upande huo. Sukuma taratibu ukizungusha. Ncha ikirudi na majimaji, umempata. Ikirudi na vumbi kavu tu, njia imezibwa na kinyesi. Komba, ingiza tena. Watu hushindwa hapa kwa sababu hutumia msumari mfupi, wakagusa mlango na kudhani wamefika chumbani.

Njia ikiwa na kona nyingi, tumia dawa ya pareto kwa bomba la sindano, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na hakikisha lebo inaruhusu mti huo. Ingiza mpaka ianze kurudi nje. Vaa glavu na miwani, maana hurudi kwa kasi. Mti wenye matunda yanayokaribia kuvunwa, baki na waya. Petroli na mafuta ya taa siyapendi hata kidogo, japo wako wanaoyasifu: huunguza tabaka hai chini ya gome, na kovu hilo huwa mlango wa nondo mwingine.

Ziba shimo kwa udongo wa kichuguu uliokandwa, ukandamize kwa dole gumba. Si sementi, mti unanenepa, sementi hainenepi, hupasuka na kushika maji. Kagua baada ya wiki. Kizibo kikisukumwa nje, rudia.

Matawi membamba usihangaike nayo. Kata sentimita 15 hadi 20 chini ya shimo, utazame kati ya kipande: kukiwa na tundu, shuka tena mpaka mbao iwe safi. Kisha choma siku hiyohiyo. Ukirundika kama kuni, kiwavi aliyekwisha komaa atamalizia safari yake humo na kutoka akiwa nondo.

Kinga ni kupunguza vidonda. Mwarobaini unaobanduliwa gome kila wiki kwa ajili ya dawa, mkungu uliopigiliwa misumari ya mabango, kamba ya mbuzi inayokwaruza shina, hayo yote ni makaribisho. Kabro, yaani matofali ya kutandika uani, zilizobana shina nazo huunyima mti maji, na mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha kumzuia kiwavi mchanga. Acha angalau mita 1 ya udongo wazi pande zote.

Mlilana, aina ya mkoko wa ufukweni, ni habari nyingine. Pwani yetu watafiti wamewakuta ndani yake viwavi wa nondo aitwaye Salagena discata pamoja na mabuu ya mbawakawa, na matawi hukauka kuanzia nchani. Humo usipeleke dawa: maji yakijaa yataibeba hadi kwa kaa na samaki wachanga. Wala usikate kwa hiari yako, maana mikoko ni msitu wa hifadhi ya serikali tangu 1932. Piga picha ya matawi, andika mahali, upeleke taarifa ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya iliyo karibu.