Risasi ya pili ni ya nani? Majibu kwa maswali ya wawindaji na wengine

Maswali yaliyotufikia safari hii yana sura moja: mnyama yuko hai, ana maumivu, na kando yake amesimama mtu mwenye bunduki au panga. Msimamo wetu tuuseme mapema. Jeraha ulilolitia wewe ni deni lako, ulilipe haraka. Jeraha ambalo si lako, mara nyingi kazi yako ni kumwita mwenye mamlaka na kuiacha bunduki begani.

Nilimpiga kongoni jioni kwa kibali cha mwenyeji (mkazi wa nchi). Alikimbia, nikamfuata mbio, nikampoteza. Asubuhi nilikuta fisi wamebakiza fuvu. Nilikosea wapi? (Msomaji, Manyoni)

Ulikosea mara mbili: kupiga jioni wakati mwanga umebaki kidogo, kisha kukimbia. Mnyama aliyejeruhiwa asiyefukuzwa hulala karibu. Akisikia vishindo huinuka, na kila akiinuka anaongeza mwendo mwingine.

Mlio ukishatoka, tia risasi nyingine chemba, simama, mtazame anavyoondoka. Aliyepigwa moyoni huruka au kurusha miguu ya nyuma, kisha hukimbia kwa nguvu akiwa amejishusha. Aliyepigwa tumboni hukunja mgongo na kuondoka taratibu, kichwa chini. Ukiona mguu unaning'inia, umevunja mfupa. Kabla hujasogea, weka alama uliposimama. Ukifika aliposimama yeye, funga kitambaa kwenye kijiti, kisha soma ardhi.

Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu imetoka mapafuni: subiri dakika 10 hadi 15, huenda yuko chini ndani ya mita 200. Damu nzito ya rangi ya zambarau iliyoiva ni ya ini. Mpe saa moja. Damu kidogo iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa, pamoja na harufu ya samadi, ni tumbo. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu anaweza kuishi saa nyingi katika maumivu. Kwenye baridi ungengoja nusu siku, lakini kwa jua letu na fisi wetu, saa moja hadi mbili inatosha. Vipande vya mfupa na damu nyingi inayokatika baada ya mita chache ni mguu, na hapo usingoje hata kidogo. Huyo hatakufa kwa kulala. Mfuate huku bado anaugulia.

Mfuata nyayo atembee pembeni mwa alama, asizikanyage. Yeye macho chini, mwenye bunduki macho mbele. Damu ikipotea, mtu mmoja abaki kwenye tone la mwisho mpaka mwingine apate jipya. Giza likiingia, weka alama na urudi alfajiri. Kuwinda usiku kwa tochi ni kosa kisheria, na kumfukuza kwa gari pia: sheria ya Tanzania inataka uwe umeshuka na kuliacha gari mita 200 ndipo upige.

Nikimkuta amelala lakini anapumua, risasi ya kummalizia naipiga wapi? Mara ya mwisho nililenga katikati ya macho, akanyanyuka. (Msomaji, Tabora)

Katikati ya macho hakuna ubongo. Pale pana matundu ya pua na mfupa mwepesi. Ubongo umekaa juu zaidi na nyuma. Ukiwa mbele yake, vuta mstari wa kuwazia kutoka kila jicho hadi shina la pembe la upande wa pili. Mistari inapokatana ndipo pa kulenga. Ukiwa ubavuni, ni kati ya jicho na shina la sikio, juu kidogo. Ukiwa nyuma yake, na hapo ndipo tunapopapenda zaidi kwa sababu hakuoni, lenga pale fuvu linapoungana na shingo, risasi ielekee mdomoni.

Kuna kosa jingine ambalo hata wazoefu hulifanya, na huenda ndilo lililokupata. Darubini ya bunduki imekaa juu ya mtutu kwa sentimeta 4 hadi 5. Umbali wa mita 100 jambo hilo limeshasawazishwa. Kwa mita 3, risasi bado iko chini ya mstari wa darubini kwa karibu kiasi hicho hicho. Msalaba wa darubini ukiwa kwenye ubongo, risasi inaingia puani au kwenye taya, na mnyama anapata jeraha jipya. Lenga juu zaidi kwa vidole viwili hadi vitatu, na ushushe ukuzaji wa darubini hadi mwisho, la sivyo utaona manyoya matupu.

Simama mita 3 hadi 5. Usibandike mtutu kwenye fuvu. Angalia risasi itakwenda wapi ikitoka: kwenye mawe hurudi, na pembe huipindisha. Watu wote wawe nyuma yako. Ukitaka fuvu libaki zima kwa ajili ya nyara, piga kifua, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Itachukua sekunde kadhaa zaidi. Kwa maoni yetu, mwenye kuhesabu nyara kabla mnyama hajakata roho ameanza vibaya.

Kisha subiri dakika 5. Msogelee kwa upande wa mgongo, kamwe si wa miguu, ukiwa na fimbo ndefu. Gusa mboni ya jicho kwa ncha ya fimbo. Akipepesa, yuko hai. Jicho la mfu kwa kawaida hubaki wazi na halijibu. Mnyama aliyelala amefumba macho, mshuku.

Marisawa (risasi za chembechembe) yanafaa kwa kummalizia, ili kuokoa risasi? (Msomaji, Mpanda)

Kwa digidigi au funo, mita 3 hadi 5, kichwani, ndiyo. Kwa kongoni, pofu au tandala, hapana. Na hilo la kuokoa risasi tusilisikie tena: mtu asiyekuwa na risasi 5 za akiba hajajiandaa kuwinda.

Je, nyati? (Msomaji, Morogoro)

Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani, na wakati mwingine huzunguka akasimama kando ya njia yake mwenyewe akingoja anayemfuata. Mpe dakika 20 hadi 30, kisha nendeni bunduki mbili, zisizopungua kaliba .375, kiwango ambacho sheria inataka kwa wanyama hatari. Mwindaji bingwa ndiye anayeongoza. Mgeni aliyepiga vibaya hana sababu ya kutangulia, hata akisisitiza kwamba nyati ni wake.

Mara nyingi utasikia mngurumo mrefu wa huzuni, kama ng'ombe anayelia kisimani. Wengi hufa baada ya sauti hiyo. Wengi, si wote; bado unaongeza risasi. Usipige paji la uso: shina la pembe la dume ni ngao. Zunguka nyuma kwa mbali. Akiwa amelala kifudifudi, piga kati ya mabega ili ukate uti wa mgongo, kisha ongeza ya kifuani nyuma ya bega, risasi ngumu inayopenya. Risasi ya ziada haijamwua mwindaji yeyote. Nyati waliodhaniwa wamekufa wameua.

Sisi ni Waislamu. Mnyama akianguka, si bora tumwahi kwa kisu ili nyama iwe halali kuliko kumwongeza risasi? (Msomaji, Mkuranga)

Swali la halali lina pande mbili. Ukimkuta na uhai uliotulia, yaani bado yuko hai kweli na si mtukutiko wa kukata roho, anatakiwa kuchinjwa. Ukimkuta amekufa kwa risasi yako, nawe ulisoma Bismillahi wakati wa kupiga na hukuacha kumfuata, wanazuoni wengi wa leo wanamhesabu ni windo halali, kwa kuwa risasi inapenya na kutoa damu. Wapo wenye maoni mengine. Shehe wako atakupa jibu la mwisho.

Upande wetu ni kisu chenyewe. Wanaojeruhiwa kwa pembe ni wale wanaokimbilia kuchinja mnyama ambaye bado anainua kichwa. Kama anakiinua, si wa kisu. Kama hawezi, mtu mmoja aje kwa nyuma, abane pembe chini na kuweka goti begani. Wa pili akate kwa pigo moja la kisu kikali, mishipa yote miwili ya shingo pamoja na koo. Kisu butu ni mateso juu ya mateso. Kwa swala pala, pongo na wa kimo hicho inafaa. Kwa pofu dume ni hatari, kwa nyati usithubutu.

Jambo moja la kumpelekea shehe: mnyama akipigwa ubongoni hupoteza fahamu papo hapo, lakini moyo huendelea kupiga kwa dakika chache. Ukimchinja mara moja, damu bado inatoka.

Naendesha lori Dar–Iringa. Nikimgonga swala pale Mikumi akavunjika mgongo, nimmalize kwa panga asiteseke? (Msomaji, Makambako)

Usimguse. Barabara inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, na mnyama aliyemo ni mali ya Serikali, mzima au mfu. Ukikutwa na panga lenye damu na swala amelala kando, maelezo yako yatakuwa magumu, na mzoga ukiwa kwenye lori ni kesi ya nyara za Serikali (mnyama au sehemu yake) chini ya kifungu cha 86 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Vifungo vyake huhesabiwa kwa miaka.

Simamisha lori mahali salama, washa taa za tahadhari, weka pembetatu, toa taarifa kwa askari wa hifadhi getini au kwa simu. Wao wana silaha na mamlaka ya kummaliza. Utatozwa faini, kila mnyama ana bei yake. Tunajua inauma kusimama pale ukimtazama anahangaika dakika 20. Ndiyo maana mwendo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku.

Tukiwa kwenye uwindaji halali tulimkuta kuro amenaswa kwenye waya, shingo imechanika. Tulimwacha tukaenda kutafuta mtandao wa simu. Tungempiga? (Msomaji, Rungwa)

Mlifanya sawasawa, ingawa mngemwachia mtu mmoja wa kumtazama kwa mbali. Msimsogelee: akiwaona hujivuta, waya unazidi kukata nyama, au unakatika na yeye anaondoka nao shingoni. Kaeni mita 50 au zaidi, upande ambao upepo hauwapelekei harufu yenu, na mchukue majira ya GPS, yaani namba zinazoonyesha mahali alipo. Daktari wa wanyamapori akipatikana, humdunga dawa ya usingizi kwa bunduki ya sindano, akakata waya, akaosha kidonda na kumwamsha kwa dawa nyingine. Wanyama wenye vidonda vinavyotisha kuvitazama hupona kuliko mnavyofikiri.

Kama daktari hawezi kufika na koromeo limekatika, askari wanyamapori mliye naye ndiye wa kuamua. Ila kuna njia ambayo wawindaji wachache huitumia nasi tunaipenda: kama kibali chako kina kuro dume na huyu ni kuro dume, katika kitalu chako (eneo la uwindaji ulilopewa), mwambie askari aandike kwamba unamtumia huyo. Utapoteza pembe nzuri ulizokuja kuzitafuta. Waya mwachieni askari, ni ushahidi.

Nimeona punda milia karibu na shamba, paja limechanwa na simba, anachechemea. Hapa Kenya naruhusiwa kumwondolea mateso? (Msomaji, Laikipia)

Hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Piga simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Wakija, wasipomtibu usiwalaumu. Desturi ya uhifadhi Kenya na Tanzania ni kutibu majeraha yaliyoletwa na binadamu, kama waya, mshale au gari, na kuyaacha ya porini yaende yalivyo. Simba aliyemchana atarudi, au fisi.

Bweha anazunguka kijijini mchana, anayumba, mate yanamtoka. Naye ni wa kuhurumiwa? (Msomaji, Karatu)

Ni wa kuogopwa kwanza. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Ondoeni watoto na mbwa, mwiteni bwana nyama (ofisa wanyamapori) au askari wanyamapori wa kijiji. Anayempiga alenge kifua, si kichwa, kwa sababu maabara inapima ubongo, na fuvu lililosambaratika halipimiki na humwaga uchafu hatari. Mzoga usishikwe kwa mikono mitupu. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo.

Kwa nyumbu au nyati anayeanguka ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, fikiria kimeta. Huyo usimpige, usimchinje, usimpasue hata akishakufa. Vijidudu vyake vikikutana na hewa hujifungia kwenye ganda na kukaa udongoni miaka mingi. Rudi nyuma na utoe taarifa.

Nikimjeruhi akapotea kabisa, naruhusiwa kupiga mwingine wa aina hiyo? (Msomaji, Singida)

Hapana. Aliyejeruhiwa anahesabiwa ameuawa, nafasi yake kwenye kibali imekwisha, na mwindaji wa kitalii analipa ada kamili. Akivuka mpaka kuingia hifadhi ya taifa usimfuate. Simama mpakani, mpe askari taarifa. Andika saa uliyopiga, mahali, kaliba, sehemu unayodhani umempiga, na uelekeo wa tone la mwisho la damu. Kesho yake tazama tai wanashukia wapi.