Nilipangusa Kila Kitasa, Kirusi Nikakiingiza Mwenyewe

Kwa wiki tatu nzima mwaka 2020 nilikuwa mtu wa ndoo na kitambaa. Aliyeingia nyumbani alikuta kitasa cha mlango kimelowa, swichi za taa zimelowa, rimoti ya televisheni imelowa mpaka ikafa. Vitu vilivyonunuliwa vilikaa nje saa kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuingia, kama wageni wasio na barua ya utambulisho. Dada yangu alinicheka, nami nikamjibu vibaya: kama anataka kuua watu, aanze na kwake. Halafu kirusi cha korona kikaingia kweli, na aliyekiingiza ni mimi.

Kiliingia hivi. Kazini tulikuwa na kikao cha watu saba katika chumba kidogo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kelele za nje. Tulikaa karibu saa mbili. Mlangoni tulinawa mikono, hakuna aliyempa mwenzake mkono, tukasalimiana kwa viwiko huku tunacheka. Barakoa tulikuwa nazo, ila aliyeanza kuzungumza aliishusha yake kidevuni ili asikike vizuri, na aliyemfuata akafanya vilevile. Mwenzetu mmoja alikuwa akijisafisha koo kila baada ya dakika mbili tatu. Tukimtazama, anatabasamu: "Vumbi tu." Siku ya tano koo langu nalo likaanza kuwasha. Mama aliponiuliza, nilimjibu nini? Vumbi tu.

Mama ana kisukari. Alilazwa, akawekewa oksijeni, na siku ya nane akarudi nyumbani amekonda lakini anaongea. Nimeamua kuandika haya kwa sababu kila mlipuko mpya ukitangazwa, naona watu wanaanza palepale nilipoanzia mimi: wanashika ndoo kabla ya kuuliza swali.

Swali lenyewe ni moja: kirusi hiki kinapita njia gani? Ukilijua jibu, nusu ya hofu inapungua na nusu ya kazi unayojitwisha inageuka kuwa ya bure. Korona ilipita zaidi kwenye pumzi, hasa ndani ya vyumba visivyo na hewa. Kule jimbo la Washington, Marekani, tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 walikutana kufanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwa na dawa ya kutakasa mikono, na kukumbatiana waliepuka. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Baadaye watu 53 kati yao walithibitishwa au kudhaniwa kuwa wameugua, na wawili wakafariki. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka viwiko vyetu pale mlangoni.

Ebola ni habari nyingine kabisa. Yenyewe haikufuati hewani kutoka upande wa pili wa chumba. Inapita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa, na ya maiti pia, ndiyo maana kuosha na kushika marehemu kuliambukiza watu wengi Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016, mlipuko uliochukua zaidi ya watu 11,000. Huko kugusa ndiko kwenye hatari. Surua nayo ni kinyume chake: inaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Halafu kuna norovirusi, ile ya kutapika na kuharisha, ambayo dawa ya mikono yenye alkoholi haiiwezi sawasawa. Hapo ni sabuni na maji tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "chukueni tahadhari" bila kutaja njia, hajakwambia kitu.

Muda nao una maana yake. Wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu wa 2003 ulioua watu 774, wagonjwa waliambukiza wengine zaidi wakiwa tayari wana homa na hali zao ni mbaya, hivyo kuwatambua na kuwatenga kulisaidia sana. Korona ilitushinda akili hapo. Mtu aliweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia chochote. Kile kipimajoto tulichoelekezewa kwenye paji la uso kila mlangoni kilitupa raha ya moyo kuliko kinga. Nilipimwa asubuhi ya siku ya kikao, nikaambiwa nipo safi, na aliyetuambukiza alipimwa pia.

Najua mtakaloniuliza: mbona wakati ule tuliambiwa ni mikono? Ni kweli tuliambiwa. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitangaza mtandaoni kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa njia ya hewa, na baadaye msimamo ukabadilika. Wengi waliona hapo ushahidi kwamba wanadanganywa, wakaacha kusikiliza kila kitu. Mimi nilikasirika pia. Lakini kirusi kipya ni kipya hata kwa mtaalamu, na ninayemwogopa zaidi ni yule ambaye maelezo yake hayajabadilika tangu siku ya kwanza. Sasa nina mazoea ya kutazama tarehe ya ushauri kabla ya kuusoma. Wa miezi minne iliyopita nauhesabu kuwa umezeeka.

Mikono usiiache, lakini. Sabuni ya kawaida inavunja ule utando wa mafuta unaofunika virusi vingi, korona na mafua vikiwemo, ila inahitaji muda: sekunde 20, pamoja na katikati ya vidole na kucha. Jihesabie kimoyomoyo mara moja uone ni ndefu kiasi gani. Wengi wetu huishia kwenye sita. Kama huna maji, tafuta dawa ya mikono yenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi. Zile zinazonukia maua bila kuandikwa kiwango ni manukato.

Na klorini, tafadhali, iheshimuni. Katika zile wiki zangu za ndoo niliona dawa ya kung'arishia nguo, ile yenye klorini, peke yake haitoshi, nikaiongezea ya kusafishia choo ili iwe kali maradufu. Nilikuwa bafuni, mlango nimefunga. Macho yalianza kuwaka, kifua kikabana, nikatoka nje nikiwa nimeinama, nakohoa mbele ya majirani ambao siku hizo kikohozi kwao kilikuwa king'ora. Walitawanyika. Dawa ya klorini ikikutana na tindikali, kama iliyomo kwenye dawa nyingi za choo, hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Usichanganye na kitu kingine isipokuwa maji, na fungua dirisha.

Hao majirani ndio wananileta kwenye jambo ambalo limenikaa zaidi kuliko ugonjwa wenyewe. Mlipuko ukianza, watu hugawanyika haraka. Wapo wanaosema hakuna kitu, ni biashara ya wakubwa. Wapo wanaobeba duka zima nyumbani. Na wapo wanaotafuta wa kulaumiwa: mgeni, msafiri, mtu wa kabila fulani, au yule anayekohoa. Nilipata kuwa katika makundi yote matatu ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo sisemi kwa kujitoa.

Karibu na kwetu kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kujulikana ana ugonjwa. Tulikuwa tukikaa barazani jioni na kuzungumza kwa mbali mbali. Alipopona aliniambia kwamba homa aliizoea, ila kilichomuumiza ni kwamba kila akifungua dirisha apate hewa, mazungumzo ya nje yalikatika. Yote, kwa mara moja. Akawa analifungua usiku tu. Sasa mfikirie mtu wa pili kuanza kuumwa pale, amesikia ule ukimya: je, atasema? Mimi sikusema. Nilisema vumbi. Tunapomtenga mtu badala ya kutenga ugonjwa, tunawafundisha wengine kuficha, na kinachofichwa kinapata siku tano za bure.

Cha kufanya hakina ugumu. Mpigie simu mgonjwa, usimtumie ujumbe wa "pole" halafu ukanyamaza. Muulize anahitaji nini, mwachie mlangoni, ondoka hatua kadhaa, mngoje atoke uone uso wake. Kama ana watoto, uliza nani anawaangalia. Na usisimulie habari zake, hata kwa nia njema.

Kuhusu habari za kwenye simu nitasema machache, maana mmeyasikia. Mwaka 2020 nchini Iran mamia ya watu walikufa kwa kunywa methanoli, wengine wakiamini kwamba pombe inaua kirusi mwilini. Aliyetuma ujumbe wa aina hiyo huenda aliandika "imetumwa kama ilivyopokelewa" na akalala salama. Mimi nimejiwekea sharti la kulala nao usiku mmoja. Ujumbe wowote wa tiba ukifika leo, kesho asubuhi ndiyo naamua. Mpaka sasa sijawahi kuutuma hata mmoja asubuhi. Kujifukiza nako hakuui kirusi, na maji ya moto yamewaunguza watoto wengi. Antibiotiki haziui virusi hata kimoja, usizimeze eti kwa tahadhari.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani, na ni ugonjwa wa pumzi ambao wahudumu wa afya wamesema unaweza kuuguzwa hapo, chagua mtu mmoja wa kumhudumia, asiye mzee wala mwenye maradhi ya kudumu. Dirisha liwe wazi. Mgonjwa avae barakoa mtu anapoingia, na anayeingia avae yake, pua ikiwa ndani. Barakoa iliyoachia pua ni sawa na mwavuli uliofungwa. Vyombo vyake vinaoshwa kwa sabuni kama vyote, huna haja ya kuvichoma. Anywe maji ya kutosha, apumzike, homa itulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa.

Halafu mtazame. Mama hakulalamika hata mara moja. Alikuwa anakatisha sentensi tu. Anasema maneno matatu, anavuta pumzi, anamalizia. Nikadhani ni uchovu. Dada yangu, yuleyule niliyemtukana, ndiye aliyenunua kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Kikaonyesha 88. Kwa mtu mzima mwenye mapafu mazima inatakiwa iwe 95 au zaidi, na ikishuka chini ya 90 hiyo ni dharura. Kama huna kifaa, dalili zinatosha: kupumua kwa shida, kifua kubana, kuchanganyikiwa, midomo kubadilika rangi, usingizi asioamka vizuri. Usingoje kupambazuke. Na kama kinachosambaa ni Ebola au ndugu yake Marburg, haya ya kuuguza nyumbani yote yafute: piga simu, usimguse, waache waliovaa mavazi ya kinga waje.

Kama kuna chanjo ya ugonjwa husika, mimi huchoma. Chanjo ya korona haikunizuia kuupata tena mwaka 2022, lakini mara hiyo nililala siku mbili nikainuka, na mama hakulazwa. Kwangu hilo limetosha, sina ubishi nalo.

Ushauri ninaoutoa kwa sauti kubwa kuliko mwingine ni huu: ukijisikia vibaya, sema siku hiyohiyo, na waambie uliokaa nao. Majibu yangu yalipotoka nilikuwa na watu wa kupigia simu. Nilikaa na simu mkononi kama saa nzima, natunga sentensi ya kuanzia. Nilianza na mkubwa wetu wa kazi kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ahsante, acha nimwondoe baba chumbani kwangu." Baba yake alikuwa akilala chumba kimoja naye. Ningechelewa siku moja zaidi, sijui.

Wa mwisho kumpigia alikuwa yule wa vumbi. Alikuwa tayari ameshajua, hata kabla ya kikao alikuwa hasikii harufu tena. Hakuja kwa ubaya. Yeye alilipwa kwa siku, na asiyekuja siku hiyo hakulipwa; aliyekohoa aliambiwa arudi na cheti, na cheti kilitaka fedha. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, maneno nilikuwa nayo. Nikajikuta namuuliza kama nyumbani kwake kuna mtu wa kumchotea maji.

Tulipokutana tena ana kwa ana, sheria ya malipo ilikuwa imebadilishwa: ukisema unaumwa, unabaki nyumbani siku zako bila cheti na bila kukatwa. Chumba ni kilekile, ila madirisha sasa yako wazi na kelele za nje tunazivumilia, tunapaza sauti. Kabla ya kuanza, mkubwa wetu huuliza, "Nani ana vumbi leo?" Mwanzoni watu walicheka. Wiki iliyopita wawili waliinua mkono, wakachukua mikoba yao, wakaenda kusikiliza kikao kwa simu.