Mbwa wa ndani: hamjauliza anakanyaga nini

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa pabaya. Mmeuliza kumfungia mbwa ndani kutwa ni kumlinda au kumtesa. Nimelisoma niko kwenye daladala natoka Ngamiani, mpaka nashuka Chumbageni bado linanizunguka kichwani, maana mi mbwa wangu alikaa ndani zaidi ya wiki 8 mfululizo na nasema kabisa sikumtesa.

Mbwa wangu wa kwanza aliondoka na parvo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa. Siku 3 tu, kutapika na kuhara damu, nikamzika uani. Sasa nilipompata Tiga ana wiki 8, daktari wa mifugo akaniambia huyu asikanyage nje mpaka amalize chanjo, atimize wiki 16 na ushee, kwa sababu vile virusi vinakaa kwenye udongo miezi na miezi hata kama mbwa aliyeumwa hayupo tena. Na akaongeza kingine ambacho ndo kilininyima usingizi, kwamba mtoto wa mbwa kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 14 hivi ndo anaijua dunia, asichokizoea kipindi hicho anaweza kuja kukiogopa ukubwani. Yani wiki zilezile za kumfungia ndo wiki zilezile za kujifunza. Sa hapo unafanyaje?

Nyumba yetu chini ni tailizi tupu. Mnazijua, zimepigwa deki zinang'aa, hata mtu na kandambili anateleza. Tiga akitembea miguu inamwachana, makucha yanagonga ko ko ko hayashiki kitu. Wiki ya pili akaanza kujilamba mguu wa mbele wa kulia, analamba analamba mpaka manyoya yakageuka rangi, chini ngozi nyekundu. Nikadhani upele. Daktari akaangalia akasema hana upele, hana kazi huyu.

Mama yangu naishi naye, ni mtu wa swala tano, na sisi wa madhehebu ya Shafi mnajua habari ya mbwa na majimaji yake, unaosha mara 7 na moja ni kwa udongo. Kwa hiyo mipaka ilikuwepo, jikoni haingii, na mama alikuwa na neno lake, "kikavu kwa kikavu hakuna najisi", maana yake mbwa akiwa mkavu na wewe mkavu hamna shida, ila mate hapana.

Basi siku moja ya masika, mvua imeanza alfajiri haikatiki, mama kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi na Tiga kalala kizingitini anamtazama, kidevu kwenye tailizi. Pembeni ya mama kulikuwa na makumbi ya zile nazi, makavu. Mama wala hakusema kitu, akalisukuma kumbi moja kwa ncha ya fagio la chelewa likamfikia Tiga mbele ya pua. Tiga akainuka. Hakulikanyaga. Kwanza alileta sharubu, zile nywele ngumu za mdomoni, zikagusa nyuzi akarudi nyuma akapiga chafya. Akaja tena, sharubu tena, taratibu, upande huu na upande huu (baadaye nikaja kujua mizizi ya zile sharubu imejaa neva, ndo maana naumia nikiona watu wanazikata eti mbwa apendeze). Halafu akaweka mguu mmoja. Vidole vikatanuka. Makucha yakanasa kwenye nyuzi akavuta, kumbi likaja, akashangaa, akavuta tena. Kwenye ile nyumba ilikuwa mara ya kwanza mguu wake kushika kitu kikashikika. Alilichambua lile kumbi nusu saa nzima, mwisho akalilalia kifua akasinzia, na mama akageuza fagio akawa anamkuna shingoni kwa ule mpini, polepole, mkono wa pili bado una nazi.

Kuanzia siku hiyo nikaacha kununua mipira. Nikamtandikia gunia la katani kipande, busati chakavu, trei za mayai, blanketi lililokunjwakunjwa na chakula kavu kimefichwa ndani alitafute kwa pua na miguu. Tanga hatukosi vitu hivi, mkonge umeingia pande za Pangani tangu 1893. Kila siku kitu kimoja kipya chini ya miguu, cha jana nakitoa. Kulamba mguu kukaisha kwenye siku 10 hivi. Ila msimwache peke yake na makumbi wala katani, akimeza nyuzi zinaweza kuziba utumbo.

Na mkono pia. Wageni wangu wote wanampapasa utosini, mkono unatokea juu, naye anainamisha kichwa wanadhani kapenda. Mbwa wengi wanapenda kifuani na mabegani. Mkune kidogo halafu acha mkono, akikusogelea endelea, akigeuza uso basi.

Sasa nilitaka nimalize kwa kusema ndani sio mateso. Lakini nikisoma nilichoandika naona kila kilichomsaidia Tiga kilikuwa na mtu pembeni yake. Kumbi lilisukumwa na mtu, gunia nilibadilisha mimi. Nyie mmeuliza habari ya kutwa, watu wameenda kazini, mlango una kufuli. Kwa hilo jibu langu ni ndiyo, ni mateso, hata umtandikie makumbi nyumba nzima. Isipokuwa wiki za chanjo, au anaumwa, au mtaani kuna habari ya kichaa cha mbwa, hapo mfungie, ila baki naye au mweke mtu.

Na hilo linanihusu na mimi, kwa sababu Tiga sasa ana miaka 3, mimi natoka saa moja asubuhi, na mama Jumatatu anakwenda Muheza siku 4. Nimeshaongea na kijana wa jirani awe anakuja saa sita mchana, nimemwonyesha gunia lilipo na nimemwambia aanzie kifuani.