Shangazi, shati la mwanangu linanuka sigara

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kijana wangu wa kidato cha kwanza karudi shati linanuka sigara. Baba yake anataka kumchapa. Nifanyeje?
Mama, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fimbo itamfundisha kutafuna pipi za mnanaa kabla ya kuingia ndani, basi. Muulize anapita kibanda gani akitoka shule, maana sigara huuzwa mojamoja. Mwenye kibanda mkumbushe, tena mbele za watu: sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Mzoeshe kijana jibu fupi la kuwapa wenzake: "Sivuti, kocha ataninyima namba." Saratani ya uzeeni haimtishi, pumzi kukata uwanjani inamgusa. Na huyo baba, mbona hujasema kama naye anavuta?