Rangi za kubahatisha: mliokuja juzi, sogeeni hapa

Wadogo zangu, nimepitia msimbo wenu (code) wa JavaScript wa grafu ya korosho. Mstari wa kubahatisha rangi ni ule ule wa miaka yote:

'#' + Math.floor(Math.random() * 16777215).toString(16)

Tumeuandika sote, hakuna wa kumcheka mwenzake. Ila jamani, uishie kwenu.

1. Math.random() huanzia 0 na haiifikii 1. Zidisha kwa 16777216, idadi ya rangi zote, la sivyo nyeupe haitoki kamwe. Hilo dogo.

2. Kubwa ni sifuri za mbele. Ikitoka 703710, toString(16), inayoandika namba kwa msingi wa 16, inakupa abcde, tarakimu tano badala ya sita, kwa sababu haiandiki sifuri ya mbele. Rangi ya tarakimu tano haipo. Sasa canvas, ubao wa kuchorea ndani ya kivinjari, haina tabia ya kulalamika: ukiipa fillStyle (rangi ya kujazia) rangi isiyoeleweka, inaipuuza kimya na kuendelea na ile iliyotangulia. Wilaya ya Tandahimba imechorwa kijani, Newala inayofuata nayo inatoka kijani kile kile, na msomaji anahesabu tani za huku akidhani ni za kule. Ukifungua konsoli, panapoonyeshwa makosa ya msimbo, hamna hata mstari mwekundu. Ukipakia ukurasa upya, grafu imetulia, unabaki kulaumu intaneti. Upungufu huu hutokea mara 1 kati ya 16. Kwa wilaya 5 za Mtwara, ni kama asilimia 28 ya michoro, kwa hiyo mbele ya bosi utatokea tu. Zikitoka tarakimu nne, ya mwisho inasomwa kuwa uwazi na nguzo inafifia kama khanga iliyoanikwa juani. Dawa ni .padStart(6, '0') mwishoni, inayojaza sifuri mbele hadi zitimie tarakimu sita. Basi.

3. Bahati nasibu haina macho; itakupa buluu tatu jirani. Tumia hsl, yaani rangi kwa nyuzi za duara, ukolezi na mwanga; rangi ya kwanza ibahatishe, kisha ongeza nyuzi 137.5 kwa kila wilaya, na uchukue baki ya kugawa kwa 360 (% 360). Mkiongeza wilaya 5 za Lindi, bado zinatofautiana.

4. Rangi ichaguliwe mara moja, ihifadhiwe pamoja na jina la wilaya. Mkiichagua ndani ya kitanzi (loop) cha kuchora, Masasi itabadili nguo kila mtu akisogeza kipanya.

5. Maandishi meupe juu ya nguzo: hsl(240 65% 42%) yanasomeka vizuri, hsl(60 65% 42%) hayasomeki. Namba ya mwanga ni ile ile, lakini jicho huiona njano kuwa angavu zaidi. Hapo weka maandishi meusi.